UZI: Ulikuwa wakala, mwalimu wa kujitolea, katibu wa kikoba? Ujuzi wako uonekane kwenye CV

Mleta uzi:

Wakuu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na wote mnaopita, habari za jioni.

Nipo ofisi ya utumishi kwenye kampuni moja ya mazao huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nafasi ikitangazwa, mimi ni kati ya watu wanaosoma maombi kabla hayajafika kwa wakubwa. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba kila tukichuja naona watu wanaoiweza kazi kabisa wakiachwa nje. Ujuzi wanao. Wameupata kibandani, darasani, mpakani, kwenye kikundi. Ila kwenye CV haupo, na sisi tunachuja karatasi, mtu mwenyewe hatujamwona.

Nianze na kisa kimoja, nikieleze kwa urefu kwa sababu kimebeba karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Tulikuwa tunatafuta karani wa mapokezi wa kituo cha kufungashia parachichi. Kwa msiojua kazi hiyo: gari linaingia na kreti za Hass, aina ya parachichi inayouzwa nje, kutoka kwa wakulima wa Rungwe au Njombe. Karani anahesabu kreti, anapima, anaandika namba ya mkulima na shamba mzigo ulikotoka, kisha analinganisha alichohesabu na karatasi aliyokuja nayo dereva. Zikitofautiana, mzigo unasimama mpaka ijulikane kosa liko wapi, ndipo wanasaini wote wawili. Jioni daftari, kompyuta na chumba cha baridi lazima viseme kitu kimoja. Parachichi hizi zinakwenda nje, na mnunuzi wa Ulaya akikuta tatizo kwenye boksi anataka kujua lilitoka shamba gani. Kwa hiyo ile namba ya shamba haikisiwi hata siku moja.

Akaomba binti mmoja aliyekuwa na kibanda cha uwakala wa fedha Uyole. Ukurasa wa kwanza wa CV yake: jina, kabila, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, sekondari. Ukurasa wa pili: "Uzoefu wa kazi: wakala wa huduma za fedha kwa simu." Basi. Chini yake ile orodha tunayoijua wote: mwaminifu, mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa.

Sasa ifuateni siku moja ya wakala. Asubuhi ana taslimu kiasi fulani na floti, yaani salio la fedha ya kwenye simu, kwenye laini kadhaa. Mteja akitoa, taslimu inapungua na floti inapanda. Akiweka, inakuwa kinyume chake. Jioni anajumlisha salio la kila laini na fedha ya kwenye droo, na jumla lazima irudi kwenye mtaji wake. Ikipungua elfu kumi anarudi kwenye daftari na meseji, muamala mmoja mmoja, mpaka aione ilipopotelea, maana ni hela yake mwenyewe. Katikati ya hayo anaomba kitambulisho, anamkataa tapeli anayemwonesha meseji ya uongo, na anajua kuwa siku ya soko watu watatoa sana kuliko kuweka, kwa hiyo taslimu iandaliwe mapema.

Kupokea, kuhesabu, kulinganisha, kutafuta tofauti, kufunga siku. Hiyo ni kazi ya karani wetu tupu, ila yeye alikuwa anaifanya kwa noti na si kwa kreti. Binti aliitwa kwenye usaili kwa sababu moja tu: mwenzangu mezani aliwahi kuwa wakala, akausoma ule mstari mmoja akajua umebeba nini. Huwezi kutuma maombi ukitegemea bahati ya namna hiyo. Mimi nilishamweka kwenye rundo la waliokosa.

Mstari ule ungeweza kuandikwa hivi, na hakuna hata neno moja la uongo ndani yake:

"Wakala wa huduma za fedha kwa simu, Uyole, Mbeya (mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kuacha).
– Nilifunga hesabu kila jioni kwa kulinganisha salio la laini nne, fedha taslimu na daftari; tofauti ikitokea niliitafuta kabla ya kufungua siku inayofuata.
– Nilihakiki kitambulisho cha mteja kabla ya kutoa fedha.
– Nilikadiria mahitaji ya taslimu kwa siku za soko na mwisho wa mwezi ili huduma isikatike.
– Nilimfundisha msaidizi mmoja, akawa anaendesha kibanda kwa zamu."

Hajajisifu popote. Amesema alichofanya, kwa kutumia nini, na kiliishia wapi. Uaminifu wake nimeuona mwenyewe bila yeye kuutaja.

Niwaeleze na mchujo wenyewe unavyokwenda, maana wengi hawajawahi kukaa upande huu. Tunachukua tangazo, mahitaji yake tunayageuza safu za jedwali: elimu, kutunza kumbukumbu, hesabu, kompyuta, kufanya kazi na wakulima, na kadhalika. Watu wawili wanasoma kila mmoja peke yake na kuweka alama. Baadaye tunalinganisha, na pale tulipotofautiana mwenzangu ananiuliza, "Umeiona wapi?" Hapo lazima niweke kidole kwenye mstari wa CV yako. Kama ulichoandika ni "mchapakazi", sina pa kuweka kidole. Na safu ya uchapakazi haipo kwenye jedwali letu.

Kwa hiyo kabla hujagusa CV, chukua tangazo na kalamu. Pigia mstari vitenzi: kupokea, kuhakiki, kuandaa taarifa, kufuatilia madeni, kuelimisha, kusimamia vibarua. Kila kitenzi jiulize ni wapi umewahi kukifanya, hata kama ilikuwa kanisani, kwenye timu ya mtaa au shambani kwa mjomba. Usianze na cheo ulichokuwa nacho, kwa sababu cheo kitakuziba macho. Mtu akiwaza "mimi nilikuwa kondakta tu" hafiki popote. Akiwaza "nilikusanya nauli, nikatoa chenji, nikakabidhi hesabu kwa tajiri kila usiku, nikatuliza abiria gari lilipoharibika Igawa", ameshapata mistari minne.

Ukishapata mistari yako, itumie lugha ya tangazo. Wakisema usuluhishi wa hesabu na wewe umeandika "kubalansi", andika usuluhishi wa hesabu. Kuna mashirika makubwa na mabenki yanayopokea maombi kwa mfumo wa mtandaoni unaotafuta maneno ya tangazo kabla binadamu hajafungua faili, na hata sisi tunaosoma kwa macho, tukiwa tumechoka, jicho linakimbilia neno linalolijua. Na kama tangazo ni la Kiingereza, CV iwe ya Kiingereza. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga, andika sentensi fupi zinazoanza na kitenzi. Sentensi ndefu ndizo zinazoangusha watu.

Idadi zinasaidia sana, ila zitoke kwenye daftari. Laini nne, maduka mawili, wanafunzi wangapi, magunia mangapi kwa msimu. Usipokumbuka, eleza ukubwa wa kazi kwa namna nyingine, kwa mfano "kila siku", "kwa kata nzima". Asilimia za kubuni tunazitambua, kwa sababu kwenye usaili swali la kwanza linakuwa hilo hilo: ulizipataje? Nimeona mtu aliyekuwa anaeleza vizuri akinyamaza kabisa kwenye swali hilo.

Mpangilio sitaukalia sana. Juu kabisa weka mistari mitatu ya utangulizi inayosema unatoka wapi, umebeba nini, unaomba nini. Halafu kazi zako kuanzia ya karibuni, na tarehe zake. Kuna mtindo wa kuorodhesha ujuzi peke yake na kuficha tarehe. Kwangu mtindo huo unaleta maswali kuliko majibu. Kurasa mbili zinatosha. Dini, kabila na hali ya ndoa toa, hakuna safu ya vitu hivyo na vinakula nafasi iliyo bora kuliko zote.

Andikeni hapa kazi mliyoifanya na mnayoitaka, tuifanyie kazi pamoja.

Tukuyu Juu:

Ndaga fijo mkuu. Mimi ni mwalimu, nina shahada ya elimu, najitolea sekondari ya kata huku Rungwe. Naomba nafasi za afisa mradi kwenye mashirika ya lishe, kimya kila mara. CV yangu kwenye uzoefu imeandikwa "Kufundisha Biolojia na Kemia kidato cha kwanza mpaka cha nne (kujitolea)" na nimeiweka mwishoni kabisa kwa kuwa hailipwi.

Mleta uzi:

Mwalimu, kwanza itoe mwishoni. Kazi ni kazi, mshahara ni suala lingine. Iweke juu kwenye uzoefu, neno "kujitolea" libaki kwenye mabano, hakuna aibu.

Pili, "kufundisha" peke yake ni neno linalomfanya msomaji wa shirika aone ubao na chaki, akageuza ukurasa. Fungua ndani yake. Wewe unaandaa azimio la kazi la mwaka na andalio la somo la kila kipindi. Shirika linafanya kitu hicho hicho kwenye mpango kazi wa mradi, na wanahangaika kupata watu wanaopanga na kufuata walichopanga. Unarekodi maendeleo ya kila mwanafunzi na kutoa ripoti kwa mkuu wa shule na mzazi. Huo ni ufuatiliaji na utoaji taarifa. Unaeleza jambo gumu kwa mtoto ambaye nyumbani kwao wanaongea Kinyakyusa. Afisa lishe kazi yake kubwa ni hiyo: kumweleza mama jambo la kitaalamu kwa maneno ya jikoni kwake.

Na unafundisha Biolojia, mwalimu! Virutubisho, mmeng'enyo wa chakula, ukuaji, vyote vimo. Kwenye barua ya maombi onesha kuwa unaijua shida yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu kwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa, na Njombe hali inakaribiana na hiyo. Mikoa inayolisha nchi, na watoto wake wamedumaa. Mtu anayeomba kazi ya lishe huku kwetu akalitaja hilo, kisha akasema amekaa na wazazi wa Rungwe kwenye vikao vya shule, ninamsoma mpaka mwisho.

Je, mlikuwa na bustani ya shule au klabu ya afya? Ulishiriki mpango wa chakula cha mchana? Kama ndiyo, huo mstari uwe wa kwanza.

Tukuyu Juu:

Bustani ipo, mimi ndiye mlezi wa klabu inayoihudumia. Sikuwahi kuiandika kwa sababu niliona ni mambo ya watoto.

Mleta uzi:

Iandike leo. Wanaklabu wangapi, mnalima nini, mboga zinakwenda wapi.

Kabwe Stendi:

Mkuu unaongea vizuri lakini tuseme ukweli, bila koneksheni hizi CV zinafungiwa maandazi. Nimetuma hadi nimechoka.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, sitakubishia kwamba upendeleo upo. Upo, na unauma. Nitakueleza ninachokiona mimi. Hata yule mwenye mtu ndani, huyo mtu wake anahitaji kitu cha kusema. Akija mezani akasema "huyu kijana namfahamu", tunamuuliza anafahamu kufanya nini. CV yenye mistari inayoonekana inampa maneno. CV ya "mchapakazi" inamwacha hana la kujibu. Na zipo nafasi, hasa za chini na za kati kwenye makampuni ya mazao, usafirishaji, mahoteli na mashirika, ambako watu wanatafutwa kweli kwa sababu mzigo unaharibika na msimu haungoji. Usiache kutuma. Weka hapa mistari miwili ya kazi yako ya mwisho tuiangalie.

Kabwe Stendi:

Nilikuwa mkata tiketi wa basi za Dar, stendi kuu. Nataka kazi ya mapokezi hotelini.

Mleta uzi:

Safi. Kupanga viti na kuhakikisha kiti kimoja hakiuzwi mara mbili ni kazi ile ile ya kupanga vyumba. Kupokea malipo ya taslimu na ya simu na kukabidhi hesabu kwa zamu, iko hivyo hivyo. Abiria aliyeachwa na basi saa kumi na moja alfajiri akiwa na watoto na mizigo, ulimfanyaje? Kama ulimtafutia nafasi gari jingine bila ugomvi, huo ni mstari, na kwenye usaili watakuuliza swali la namna hiyo hiyo. Andika pia kama ulitumia mfumo wa tiketi wa kompyuta, maana mapokezi siku hizi ni kompyuta.

MwanaMafinga:

Kamwene wakuu. Mimi niliishia kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Nimekaa kwenye viwanda vya mbao Mafinga tangu nikiwa kijana, mashine ya kupasua naijua, kunoa msumeno najua, kupanga mbao zikauke zisipinde najua. Matangazo yote yanataka cheti. Nitaandika nini mimi?

Mleta uzi:

Kamwene kaka. Wewe una ujuzi ambao wenye vyeti wengi hawana, na Mufindi, yenye shamba la miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko yote ya serikali nchini, ni mahali ambapo ujuzi huo una soko.

Fanya mambo mawili. La kwanza, nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu nawe ukaulizie urasimishaji wa ujuzi. Upo utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini, kwa vitendo, na akifaulu anapewa cheti kinachotambulika. Uliza kama fani yako inapimwa na lini, useremala ni kati ya fani zinazojulikana sana kwenye mpango huo. Cheti hicho kinajaza ile safu ya elimu inayokuangusha.

La pili, kwenye CV tenganisha unachoweza na mashine na unachoweza na watu. Umesema kupasua, kunoa, kukausha. Hujasema kama umewahi kupangia vijana wengine kazi, kupokea oda ya mteja na kukokotoa magogo mangapi yatatoa mbao ngapi, au kuzuia mtu asikatike vidole. Kampuni inayotafuta msimamizi wa zamu inataka hayo. Usalama uutaje kwa vitendo: ulikuwa unakagua nini kabla ya kuwasha mashine? Andika hicho kama kilivyo.

Kijana wa Tunduma:

Mkuu mimi nilikuwa msaidizi kwa wakala wa forodha hapa mpakani, bila mkataba, ofisi ikafungwa. Nataka kazi kampuni ya usafirishaji. Nani atathibitisha kuwa nilifanya kazi?

Mleta uzi:

Aliyekuwa bosi wako yupo hata kama ofisi haipo. Mpigie simu, mwombe akubali kuwa mdhamini, mkumbushe na kazi ulizokuwa unafanya ili akipigiwa asibabaike. Hili nawaambia wote: mdhamini ambaye hajui kuwa ametajwa anaharibu kuliko kutokuwepo. Na achaguliwe aliyekuona ukifanya kazi, siyo mheshimiwa fulani anayekujua kwa sura.

Kwa wale walioajiriwa rasmi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe hati ya utumishi ajira inapokwisha. Wengi wanaondoka bila kuiomba. Iombeni.

Kuhusu ujuzi wako, mdogo wangu, mpaka wa Tunduma ni shule. Ulikuwa unapanga ankara, orodha ya mzigo na cheti cha uasili wa bidhaa, unahakikisha uzito na idadi vinafanana kwenye karatasi zote kabla ya tamko la forodha kuingia kwenye mfumo, maana kosa la tarakimu moja linalaza lori foleni. Unaongea na madereva wa Zambia na Kongo wakiwa wamekasirika. Kampuni ya usafirishaji inalipia kila siku lori linapolala, kwa hiyo mstari unaosema ulikuwa unakagua nyaraka kabla hazijawasilishwa ni mstari wa hela kwao. Uanze na huo.

Njombe Hesabu:

Mleta uzi nakazia, ila nina ushauri wa ziada. Kwa nini asijiite "Afisa Usafirishaji" kabisa? Na yule wakala ajiite "Meneja wa Fedha". Watu wote wanapandisha vyeo, ukibaki mnyoofu unaachwa nyuma.

Mleta uzi:

Hapo sikubaliani nawe, mkuu. Cheo ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukihakiki: simu moja tu. Na kikigundulika cha uongo, mistari mingine yote inakufa, hata ile ya kweli. Wakala anayefunga hesabu kila jioni ana nguvu kuliko meneja wa fedha anayeulizwa mizania akababaika. Mnakumbuka uhakiki wa 2017, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Uongo wa kwenye karatasi unakaa miaka, halafu unatokea. Mwacheni mtu abaki na cheo chake halisi, kazi aliyoifanya chini yake ndiyo aipandishe kwa maelezo.

Njombe Hesabu:

Nimekuelewa. Vipi Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini, huko nako mbinu hii inafanya kazi?

Mleta uzi:

Kwa kiasi. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira likitaka stashahada ya fani fulani, hakuna maelezo ya ujuzi yatakayoziba pengo hilo, usipoteze muda wako. Ukishakuwa na sifa za elimu, mambo yanahamia kwenye usaili wa mchujo, wa vitendo kwa baadhi ya kada, na wa mahojiano. Kwenye mahojiano ndipo mistari hii inakusaidia, kwa sababu umeshajiandaa kueleza ulichofanya na siyo kujisifu. Soma masharti ya viambatisho kwa makini, wanaokosa nafasi kwa kutoyafuata ni wengi.

Mama wa Makambako:

Habari zenu wanangu. Mimi nimekaa nyumbani miaka mingi nikilea, sasa watoto wamekua. Kabla ya kuolewa nilisomea ukatibu muhtasi. Nimeona tangazo la msaidizi wa ofisi kwenye chama cha akiba na mikopo. Miaka yote hii nimekuwa katibu wa kikoba chetu tu. Naona aibu hata kuandika hilo pengo.

Mleta uzi:

Shikamoo mama. Naomba usiandike "tu" mbele ya kikoba.

Hebu tuangalie siku ya kukutana. Wanachama wanakaa, sanduku linawekwa katikati, lina kufuli tatu na funguo zake zimeshikwa na watu watatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mpaka wote wawepo. Fedha inahesabiwa mbele ya kila mtu. Katibu anasoma salio la kikao kilichopita na wanachama wanathibitisha. Hisa zinanunuliwa, kila moja inaingia kwenye kitabu cha mwanachama na kwenye leja. Mfuko wa jamii unakusanywa kivyake. Marejesho yanapokelewa, riba inakokotolewa, aliyechelewa anatozwa faini kwa mujibu wa katiba. Mikopo mipya inaombwa, inajadiliwa, inaandikwa na wadhamini wake. Fedha inahesabiwa tena, sanduku linafungwa. Mwisho wa mzunguko mnavunja, na kila mtu anapata chake kulingana na hisa zake, hakuna anayenung'unika. Anayeandika yote hayo ni wewe.

Chama cha akiba na mikopo kinafanya nini, mama? Hicho hicho, kwa kiwango kikubwa. Katika watu watakaoomba nafasi hiyo, wengi watakuwa wamesoma leja darasani. Wewe umeishika mbele ya wanawake wenye hela zao, na wamekuchagua tena.

Kwa hiyo pengo halipo. Andika: "Katibu, kikundi cha kuweka na kukopa, Makambako", na tarehe zake. Chini yake kazi hizo. Malezi yataje kwa nusu mstari kama unataka, bila maelezo marefu wala kuomba radhi. Sehemu inayohitaji jitihada ni kompyuta. Kama mafunzo yako ni ya zamani, tafuta mafunzo mafupi ya Excel, au umwombe mmoja wa watoto akufundishe kwa kuhamishia leja ya kikoba humo. Ukimaliza una mstari mwingine wa kweli.

Uyole Kaskazini:

Mkuu swali fupi. Nilikuwa karani wa sensa 2022, ni kazi ya muda mfupi sana. Niiweke?

Mleta uzi:

Iweke, na useme ni Agosti 2022 ili isionekane unairefusha. Ulipata mafunzo, ulitumia kishikwambi kukusanya taarifa, uliingia nyumba za watu usiowajua ukawauliza mambo yao ya ndani, na ulitakiwa kisheria kutunza siri. Kwa kazi ya utafiti, mauzo ya benki au bima, hayo manne yote yanahesabika.

Mama wa Makambako:

Mwanangu, nimejaribu. Nimeandika hivi, niangalizie:

"Katibu, kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 28, Makambako.
– Niliandika mihtasari ya vikao na kutunza leja ya hisa, mikopo na marejesho.
– Nilikokotoa riba na gawio la mwisho wa mzunguko kwa ufanisi mkubwa na uaminifu wa hali ya juu.
– Nilifuatilia wanaochelewa kurejesha kwa kuwatembelea nyumbani."

Mleta uzi:

Mama, imetulia. Mstari wa pili, toa "kwa ufanisi mkubwa na uaminifu wa hali ya juu", weka badala yake jambo lililotokea kweli: je, kila mzunguko hesabu zilifungwa na wanachama wote wakasaini? Kama ndivyo, andika hivyo hivyo. Mstari wa tatu upandishe uwe wa kwanza, maana chama cha mikopo kinalala na kuamka na madeni, wakiuona watataka kujua ulikuwa unawaambia nini hao waliochelewa. Jiandae kwa swali hilo. Mwenyekiti wa kikoba awe mdhamini wako wa kwanza, mpigie kabla hujatuma.